Nyasi Chini ya Kitambaa

Bibi Apolonija alitandika nyasi kabla ya sahani,
konzi moja, si zaidi, akaisawazisha kwa kiganja
kama mtu anayempapasa ng'ombe mgonjwa,
kisha juu yake kitambaa cha kitani, cheupe, chenye kiraka pembeni.
"Wafu hawapendi mbao tupu," alisema.
Maneno hayo aliyapokea kwa bibi yake,
naye kwa mwingine, wa msituni, wa kabla ya kengele,
wakati wafu waliitwa mezani kwa majina,
mlango wazi, theluji ikiingia nao.

Padri alikuja na maelezo yake:
nyasi ni hori, hori ni Bethlehemu.
Bibi akaitikia amina.
Hakubadilisha nyasi, alibadilisha jibu tu.
Kiti kitupu akakiacha palepale,
kijiko kimelazwa kichali
ili mgeni asione haya kukishika.

Mimi ni wa zama za mapazia.
Varėna, mwaka wa sitini na nane, nina miaka tisa.
Jioni ya mkesha baba anarudi kiwandani kama siku yoyote,
anatundika blanketi dirishani, anakaa kimya, anasikiliza ngazi.
Vyakula sharti viwe kumi na viwili, bila nyama:
heringi, uyoga, bitiruti,
vimkate vikavu katika maziwa ya mpopi.
Vikifika tisa, mama anahesabu mkate.
Kisha maji. Kisha chumvi.

Mti hatukuwa nao.
Mti ulikuwa umehamishwa,
kama majirani waliohamishwa usiku kwa treni;
wao mbali, mti siku saba tu, hadi mwaka mpya,
ukavishwa nyota nyekundu
na kupewa mzee wa ndevu asiyemjua mtakatifu yeyote.

Kesho yake, shule.
Mwalimu Rimutė akapita kati ya madawati:
"Jana usiku mlikula nini?"
"Soseji," nikasema, kama nilivyofundishwa.
"Soseji," akasema Vidmantas.
Soseji, soseji, darasa zima,
na madukani soseji hazijaonekana tangu Oktoba.
Akainama kuandika.
Nikaona, kati ya meno yake mawili ya mbele,
mbegu ya mpopi, nyeusi, kama nukta.
Akafumba mdomo. Nami nikafumba wangu.
Amezikwa, na nukta hiyo hatukuwahi kuitaja.

Halafu blanketi likashushwa.
Kengele, redio, mishumaa,
watu wazima wakilia kanisani bila kujua kiitikio.
Baada ya machozi, duka.
Siku hizi nyasi zinauzwa kwenye mfuko wa plastiki,
gramu hamsini, utepe mwekundu, rafu ya pili baada ya betri.
Nilicheka pale pale mbele ya watu.
Kisha nikanunua, maana ng'ombe sina.

Mwaka huu tuko wawili mezani, mimi na simu,
nimeiegemeza kwenye gudulia la mpopi.
Binti yangu Jurga yuko Drogheda, zamu yake imeisha saa kumi,
na Ireland yote ni kijani kibichi, nyasi kavu utazipata wapi?
Mwanawe Domantas akaenda kwenye kizimba cha sungura,
akarudi na konzi.
Sijui Apolonija angesema nini.
Nadhani angezinusa kwanza.

Kila mtu huvuta unyasi mmoja bila kutazama:
ukiwa mrefu, umri mrefu; ukiwa mfupi, watu hubadilisha mazungumzo.
Wangu amenivutia mjukuu, mkono wangu haufiki.
Ameuangalia, ameuficha mgongoni.
"Wa katikati, Bibi," amesema,
Kilithuania chake kina kokoto za nchi nyingine.
Nikamwambia usiku wa manane wanyama husema,
na anayewasikia hafiki Krismasi ijayo,
kwa hiyo alale.

Asubuhi simu inalia mapema.
"Hakusema kitu, Bibi. Alikuwa anakula.
Alitoka kizimbani, akavuta kitambaa, akazimaliza zote,
yangu, ya mama, na ile yako."
"Na kiti?"
Anageuza simu, picha inayumba, sakafu, dirisha, mvua.
Sungura amejikunja juu yake, amelala.